Si Kila Mwarobaini ni Mwarobaini

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Nami nimeuliza swali moja mara nyingi hata wenzangu wa kidato cha tatu wakanibandika jina la "Daktari wa Miti". Swali lenyewe ni hili: ule mti wenye maua ya zambarau ulio nyuma ya jiko la shule yetu, ambao sote twauita mwarobaini, je, ni mwarobaini kweli?

Msidhani ni mchezo. Hapa kwetu Kitui mtu akishikwa na homa, wengi hukimbilia kuchuma majani machungu na kuyachemsha. Mwaka jana mtoto wa jirani yetu alinyweshwa maji ya majani na matunda ya mti kama huo. Usiku alitapika, akaharisha, akalegea hata kusimama hakuweza. Babake alimkimbiza hospitalini kwa pikipiki na kwa neema ya Mungu akapona. Mamake alibaki akilia, "Lakini mimi nilimpa mwarobaini!"

Basi nikaanza kuchunguza kwa msaada wa mwalimu wetu wa Bayolojia. Kumbe jina ndilo linalotuponza!

Mwarobaini halisi kwa jina la kisayansi ni Azadirachta indica. Asili yake ni Bara Hindi na Burma. Waswahili waliuita hivyo kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Ule wa maua ya zambarau ni Melia azedarach, na wengine huuita mmelia. Kwao ni kuanzia India hadi Australia, lakini Waingereza waliupa jina la lilaki ya Uajemi. Lilaki yenyewe ni kichaka cha milima ya Balkani huko Ulaya, jamaa ya mzeituni, na maua yake hayana sumu. Wazungu waliona maua ya mmelia yanafanana na ya lilaki kwa rangi na harufu, wakaupachika jina la mwenziwe. Huko Afrika Kusini nako unaitwa siringa, na Syringa ni jina la kisayansi la lilaki!

Hata wataalamu waliongeza utata. Majina azedarach na Azadirachta yote yametoka katika maneno ya Kiajemi yenye maana ya "mti huru". Sasa mama wa kijijini atalaumiwaje?

Tena tuna ndugu wa tatu, mukau, yaani Melia volkensii. Huu ni wetu wa Afrika Mashariki. Nyanya yangu huusifu sana kwa sababu mbuzi hula majani yake wakati wa kiangazi, na mbao zake haziliwi na mchwa ovyo. Lakini mbuzi kula mukau hakumaanishi kwamba mtu anaweza kula matunda ya binamu yake.

Hebu tujifunze kuitofautisha. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja, na vijani vyenye meno kama msumeno vimejipanga huku na huku. Maua yake ni meupe. Kikonyo cha jani la mmelia hugawanyika tena kuwa vikonyo vidogo, na maua yake ni ya zambarau. Matunda yake ni ya mviringo na ya manjano, nayo huning'inia vishada vishada hata majani yakiisha kupukutika. Kokwa lake lina mifereji, na watu hulitunga kuwa shanga.

Matunda hayo ndiyo hatari kubwa. Ndege huyala bila taabu, lakini binadamu, nguruwe na mbwa hudhurika. Mtu hutapika, huharisha, huchanganyikiwa, na sumu ikizidi hushindwa kupumua na hata kufa. Na huo mwarobaini halisi pia usichezewe. Mafuta ya mbegu zake ni dawa nzuri ya kuulia wadudu shambani, lakini yamepata kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Mwenye malaria aende akapimwe damu, ati uchungu wa jani si cheti cha udaktari.

Sisemi tuukate mti wetu. La hasha! Kivuli chake twakipenda sote, na kosa si la mti. Lakini watoto wa shule ya msingi hupita pale kila jioni wakiokota yale matunda ya manjano. Kwa hiyo naiomba klabu yetu ya Kiswahili, kabla muhula huu haujafungwa, ibandike kibao penye mti huo kikisema: HUU SI MWAROBAINI. NI MMELIA. MATUNDA YAKE NI SUMU. Mbao nitaleta mimi, rangi tuchange.