Kichupa cha Vidonge

Mdogo wangu alianguka bafuni Nairobi mwaka 2004, akiwa na umri wa miaka 47. Mkono wa kulia ulilegea, ulimi ukawa mzito, na siku ya tatu tukampoteza. Kijijini kwetu Siaya wapo walionong'ona kwamba amerogwa kwa sababu ya cheo chake. Hayo sikuyajali. Linaloninyima usingizi ni jambo jingine. Krismasi ya mwaka uliotangulia alikuja nyumbani na kichupa cha vidonge vya presha, nami, mwalimu mkuu mzima, nikamwambia mbele ya watoto, "Dawa za kila siku ni za wazee. Wewe unaumwa nini?" Akacheka, akakirudisha kichupa mkobani. Mjane wake aliniambia baadaye kwamba hakukifungua tena.

Presha haiumi. Moyo husukuma damu kwa nguvu kupita kiasi katika mishipa inayozidi kukakamaa, mwaka baada ya mwaka, mpaka mshipa mmoja wa ubongo uzibe au upasuke. Hayo ningeweza kuyasoma hata wakati ule. Ufunguo wa maktaba ya shule nilikuwa nao mimi.

Mwaka jana mwanawe aliyeko Chicago alinipigia simu. "Baba mkubwa, na mimi ninayo. Daktari anasema ni kawaida kwetu watu weusi."

Kawaida! Neno hilo liliniudhi. Ni kweli kwamba Wamarekani weusi huugua presha na kufa kwa kiharusi kuliko wenzao weupe. Lakini damu peke yake haielezi jambo hilo. Richard Cooper na wenzake, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 1997, waliwapima watu wenye asili moja ya Afrika Magharibi. Wenye presha walikuwa kama 16 katika kila watu wazima 100 huko Nigeria na Kameruni, 26 katika nchi za Karibi, na 33 Maywood, kando ya Chicago. Asili ni ile ile. Kilichobadilika ni maisha: chakula, uzito, kazi, na dharau ya kila siku ambayo mtu huimeza.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Neil Poulter na wenzake waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda Nairobi, na mwaka 1990 wakaandika kwamba presha yao ilipanda muda mfupi tu baada ya kuhama, na chumvi katika mkojo wao ikaongezeka. Safari hiyo hiyo mdogo wangu aliifanya mwaka 1981, kwa basi la usiku. Nauli nilimlipia mimi.

Nilimweleza kijana haya yote, naye akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Sasa baba mkubwa, vidonge nimeze au nisimeze?"

"Meza," nikamwambia. "Kila siku."

Siku hizi hunipigia kila Jumapili. Kabla ya habari za nyumbani namwuliza namba zake, naye huniuliza zangu. Jumapili iliyopita zake zilikuwa 128 kwa 82. Zangu sikumwambia mpaka aliponiuliza mara ya pili.