Mfereji, Hazina na Gazeti

Katika Marangu maji ya mlima hayafiki kwenye migomba kwa hiari yake. Huongozwa. Mifereji ambayo wenyeji huiita mifongo ilichimbwa na mababu ikianzia kwenye vijito vya juu karibu na msitu, ikazunguka mbavu za vilima, ikaingia katika vihamba vya watu wakaao mbali na mto. Kila aliyekuwa na haki ya maji alikuwa na wajibu wa kazi. Siku ya kuusafisha mfereji ilipotangazwa, asiyetokea alitozwa faini, na asiyelipa faini alinyimwa zamu yake. Hiyo ilikuwa kodi, ijapokuwa hapakuwa na karani wala daftari. Ilikuwa nzito, maana kazi ya mfereji ni ya matope na mawe na maji ya baridi. Lakini haikuwa na siri. Mlipaji alikiona alichokitoa kikipita mbele ya mlango wake.

Mtu atakaye kuzifahamu fikira za kihafidhina juu ya kodi, kama zilivyo katika mlima huu, afadhali aanzie kwenye mfereji kuliko kwenye vitabu vya Ulaya. Fikira hizo hazisemi kwamba kodi ni dhuluma. Mchagga aliyeshiriki msaragambo tangu ujana hawezi kulisema neno hilo bila ya kujicheka. Husema kwamba kinachochukuliwa kwa mtu kionekane kinakokwenda, na kwamba mwenye kuchukua akiwa mbali mno na mwenye kutoa, macho yao hayakutani tena.

Wajerumani walipoleta kodi ya nyumba mwaka 1898, macho hayo yaliacha kukutana. Rupia ziliteremka Moshi mpaka boma, na kutoka boma zikapotea. Asiyekuwa na rupia alikwenda kuzitafuta kwa jasho katika shamba la mgeni. Kahawa ndiyo iliyobadili hali hiyo wakati wa Waingereza. Wakulima walijiunga katika chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU. Na mtu mwenye mibuni chini ya migomba yake akaweza kulipa kodi ya serikali bila ya kuuondoa mguu wake kihambani. Hata hivyo, mwaka 1937, watu walipolazimishwa kuuza kahawa yao kwa njia moja tu, baadhi yao waliyavunja maghala ya ushirika huo huo. Msomaji asishangae. Waliolivunja ghala walikuwa na hakika kwamba lilikuwa lao.

Majirani wa upande wa kusini, Wapare, wana habari inayostahili kusimuliwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu ndani yake limo shauri ambalo wataalamu wa hazina katika nchi kubwa hawajalimaliza mpaka leo. Katika miaka ya vita vya pili vya dunia serikali iliwaletea kodi ya kukadiria mali, iliyojulikana kwa jina la mbiru. Mwenye zaidi alipe zaidi. Kwa maneno ni haki tupu. Januari 1945 maelfu ya watu waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same, na hawakurudi upesi. Wakakaa huko miezi, na baadaye wanawake nao waliingia katika mgogoro huo. Jambo la kutazamwa ni kwamba hawakukataa kulipa. Walikuwa tayari kodi ya zamani, ile ya kiwango kimoja kwa kila mtu, hata iongezwe. Walichokikataa ni kukadiriwa na mtu ambaye kipimo chake hawakukijua, ambaye angeweza kumhesabia adui yake ng'ombe wengi na rafiki yake wachache. Kodi hiyo ilifutwa kabla ya miaka ile ya arobaini kwisha. Wakulima wasiokuwa na chuo walikuwa wameligundua jambo lenyewe: uzuri wa kanuni hautoshi ikiwa mkono unaoitumia hauonekani.

Katika udongo huu wa fikira alizaliwa, huko Marangu, mwaka 1932, Edwin Mtei, ambaye utotoni alichunga mbuzi na ambaye mwaka 1966 alikuwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Tanzania. Mwaka 1977 alifanywa Waziri wa Fedha. Aliipokea hazina katika wakati usiokuwa na huruma. Baridi iliyoiunguza mibuni ya Brazil Julai 1975 ilikuwa imeipandisha bei ya kahawa duniani, na fedha nyingi za kigeni zikaingia. Kisha bei ikashuka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavuka mpaka wa Kagera. Vita vilishinda, hazina ikabaki tupu. Waziri alizungumza na wajumbe wa Shirika la Fedha la Kimataifa, nao wakataka, pamoja na mambo mengine, thamani ya shilingi ipunguzwe. Mwalimu Nyerere alikataa. Kabla ya mwaka 1979 kwisha Mtei alijiuzulu.

Hapa ndipo penye kiini cha habari, na inafaa kipasuliwe polepole. Mkulima wa Marangu aliyeuza kahawa yake alikuwa akiiletea nchi dola. Dola moja ilihesabiwa kuwa shilingi zaidi kidogo ya 8, kwa amri ya serikali. Lakini mkulima huyo alipokwenda kutafuta sabuni, sukari, au bati la kuezekea, hakuvikuta kwa bei ya amri. Alivikuta vichochoroni kwa bei ya magendo, na bei hiyo haikuitambua shilingi kwa heshima ile iliyotajwa Dar es Salaam. Kwa hiyo aliuza kwa shilingi ya karatasi ya serikali, na kununua kwa shilingi ya soko. Tofauti kati ya shilingi hizo mbili ilikuwa kodi. Hapana bunge lililoipitisha, hapana karani aliyeiandikia stakabadhi, na mlipaji mwenyewe hakujua kwamba analipa. Alijua tu kwamba gunia la kahawa halifui nguo. Juu ya hayo, ushirika ambao ungeweza kumsemea ulikuwa umevunjwa kwa amri mwaka 1976, KNCU kikiwa miongoni mwa vilivyovunjwa.

Uadilifu wadai upande wa pili usikike. Mwalimu hakuwa mtu asiyejua hesabu. Aliona kwamba kuipunguza shilingi kungepandisha bei za vitu kwa mfanyakazi na maskini wa mjini siku hiyo hiyo, na kwamba faida iliyoahidiwa ingekuja baadaye, kama ingekuja. Zaidi ya hayo aliona heshima ya taifa ikiwekwa rehani. Mwanzoni mwa mwaka 1980 aliwauliza mabalozi, kwa ukali uliosikika dunia nzima, ni lini Shirika lile lilipofanywa wizara ya fedha ya mataifa yote. Swali hilo halikuwa la kipuuzi. Mapatano yalipotiwa sahihi mwaka 1986, katika utawala wa Rais Mwinyi, shilingi ilianguka. Na mwaka 1993 dola moja ilidai shilingi zaidi ya 400. Kuna waliofaidika, na kuna wazee waliokuwa wamejiwekea akiba ya uzeeni ambao akiba yao haikununua hata jeneza. Mhafidhina mkweli hana budi kuihesabu hasara hiyo pia. Lakini atauliza kama anguko la hatua ndogo mwaka 1979 lisingekuwa afadhali kuliko poromoko la baadaye, na ni vigumu kusema kwamba swali lake halina uzito.

Jambo moja halina shaka: swali hilo halikuulizwa hadharani lilipopasa kuulizwa. Mwaka 1979 magazeti ya kila siku nchini yalikuwa mawili, Daily News la serikali na Uhuru la chama. Na redio ilikuwa ya serikali. Mhariri hakuhitaji kusema uongo. Ilimtosha kunyamaza. Waziri aliyejiuzulu hakuwa na ukurasa wa kuieleza hoja yake kwa watu ambao hoja hiyo iliwahusu matumboni. Maelezo yake kamili yalitoka katika kitabu cha maisha yake mwaka 2009, miaka 30 baadaye, na kwa Kiingereza.

Mlima ulikuwa umewahi kuijua hali hiyo kwa kadiri ndogo. Katika miaka ya hamsini Baraza la Wachagga lilikuwa na gazeti lake, Komkya, maana yake kumekucha. Lilichapa barua za wasomaji, nyingine kali, na atakayelisoma leo atapata raha ya Kiswahili chake. Lakini lilikuwa gazeti la Baraza, na kichwa cha Baraza kilikuwa Mangi Mkuu, Thomas Marealle, wa ukoo wa watawala wa Marangu, aliyekalia kiti hicho tangu mwaka 1952. Chama cha upinzani kilichomtaka Rais wa kuchaguliwa badala ya Mangi Mkuu kilishinda katika kura ya mwaka 1960. Gazeti lililolipiwa na kodi za wote haliwezi kuukwepa ulizo huu: linamsemea nani siku ambayo walipaji wamegawanyika?

Nchini Marekani ulizo huo umechukua sura nyingine, kwa kuwa huko magazeti na televisheni nyingi ni mali za watu binafsi. Wahafidhina wa huko hulalamika kwamba upendeleo hautoki serikalini bali katika vyumba vya wahariri, ambao wengi wao, kwa mujibu wa malalamiko hayo, hufikiri kama chama cha Democratic. Lawama hiyo ilitolewa kwa sauti kuu Novemba 1969 na Makamu wa Rais, Spiro Agnew, alipowashutumu watu wachache wa televisheni kwa kuitafsiri dunia kwa niaba ya taifa zima. Hoja yake ilikuwa na ukweli ndani yake: watu wachache waliosoma pamoja, wanaokaa mji mmoja, hawakosi kufanana katika wanayoyaona na wasiyoyaona. Oktoba 1973 Agnew alijiuzulu, baada ya kutopinga mahakamani shtaka la kukwepa kodi ya mapato. Ni vyema mwanafunzi wa siasa ayashike mambo hayo mawili kwa mkono mmoja. Aibu ya msemaji haikuifuta hoja yake. Na hoja yake haikuilipa kodi yake.

Wahafidhina hao walikuwa na ushindi wao juu ya kodi. Mwaka 1978 wapiga kura wa California waliiwekea mpaka kodi ya nyumba na ardhi. Kiwango cha juu kabisa cha kodi ya mapato kilichokuwa asilimia 70 Ronald Reagan alipoingia madarakani kilikuwa 28 mwaka 1988. Deni la taifa, ambalo wao wenyewe walilichukia, likaongezeka mno katika miaka hiyo hiyo. Kupunguza kodi kuliwapendeza wapiga kura. Kupunguza matumizi kulipendeza hotubani.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi Tanzania mwaka 1992, Mtei alikuwa mwasisi na mwenyekiti wa kwanza wa Chama cha Demokrasia na Maendeleo, Chadema. Chama hicho baadaye kilijiunga na umoja wa kimataifa wa vyama vya mrengo wa kulia ulioanzishwa London mwaka 1983, ambao miongoni mwa waanzilishi wake ni chama cha Republican cha Marekani na Conservative cha Uingereza. Hivyo mchunga mbuzi wa Marangu na Reagan wa California walijikuta ukumbini pamoja, ijapokuwa kwa vyama vyao tu. Isidhaniwe kwamba wapiga kura wa mlimani walilijua hilo, au kwamba lingewashughulisha. Mwaka 1995 walikuwa na mtu mwingine, Augustine Mrema wa Vunjo, aliyegombea urais kwa NCCR-Mageuzi na kupata zaidi kidogo ya asilimia 27 ya kura za nchi nzima. Malalamiko ya wapinzani juu ya redio ya serikali katika kampeni zile yalikuwa mengi. Lakini wapinzani nao walipopata magazeti hawakuwa malaika. Tanzania Daima, lililohusishwa na familia ya Freeman Mbowe, aliyekuwa mwenyekiti wa Chadema wakati huo, halikuwahi kusifiwa kwa kutopendelea. Likanyang'anywa leseni Juni 2020, jambo ambalo lilikuwa kosa kubwa kuliko upendeleo wake. Na Agosti 2021, katika kichekesho ambacho mtunzi wa riwaya asingethubutu kukiandika, Uhuru, gazeti la chama tawala, nalo lilisimamishwa, chama chenyewe kikiwa mstari wa mbele.

Mwezi mmoja kabla ya hapo, Julai 2021, serikali ilikuwa imeanza kutoza tozo ya miamala ya simu. Marangu Mtoni, penye maduka na stendi, kina mama wa vihambani huja kwa wakala kuzipokea fedha ambazo watoto wao huwatumia kutoka Dar es Salaam na Arusha. Fedha ya mtoto kwa mama haikuwa biashara, wala mapato ya mwajiri. Ilikuwa sukari na dawa. Sasa ujumbe wa simu uliandika makato ya mtandao peke yake, na tozo ya serikali peke yake, kwa tarakimu. Kelele zilipigwa nchi nzima, na Septemba viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata vikapunguzwa tena. Serikali ilieleza kwamba fedha hizo zinajenga madarasa na vituo vya afya, na vingine vilionekana vikijengwa.

Kodi ile ya shilingi mbili, ya miaka ya sabini, ilikuwa kubwa kuliko tozo hii mara nyingi, na haikupigiwa kelele hata siku moja. Haikuandikwa kwenye ujumbe wowote. Mama wa Marangu Mtoni alivaa miwani, akasoma mistari miwili ya makato, akamwuliza wakala ule wa pili unakwenda wapi. Wakala alikuwa kijana wa hapo hapo, ambaye nyumbani kwao wanachota katika mfereji mmoja na huyo mama. Akamwambia, “Hiyo siyo yangu, mama.” Mama akasema anajua kwamba siyo yake, ameuliza inakwenda wapi.