Kiti cha Pweza Si Pambo la Sebuleni

Ukiwapeleka watoto Diani au Watamu, maji yakipwa utawaona watu wakimwinua kiti cha pweza kutoka kidimbwini ili wapigwe picha naye. Wapo hata wanaotaka kumkausha wamweke juu ya kabati, eti ni pambo!

Wengine humwita samaki nyota, ingawa si samaki hata kidogo. Hana damu wala ubongo. Chini ya mikono yake kuna mamia ya vijiguu laini vinavyosukumwa na maji ya bahari aliyoyavuta mwilini. Hivyo ndivyo anavyotembea, na kupitia ngozi ya vijiguu hivyo hupata sehemu ya pumzi yake. Kumtoa majini, basi, ni kumziba pumzi huku nyinyi mnatabasamu mbele ya kamera.

Ulaji wake je? Jamii nyingi za viumbe hawa, zikimpata kome, humkumbatia na kumvuta mpaka magamba yaachane kidogo tu. Kisha kiti cha pweza hutoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, akalipenyeza mwanyani humo na kummeng'enya kome nyumbani kwake mwenyewe!

Mkono ukikatika huota mwingine, lakini huenda ikachukua miezi mingi. Mwanao akitaka kumgusa, amguse chini ya maji, kwa kidole kimoja. Halafu chutameni mtulie. Baada ya dakika chache mtamwona akianza kujikokota.