Mzigo wa Majani, Mlima wa Wanaume

Wiki ya kwanza ya Machi, ukipita lango la Marangu asubuhi, utawakuta. Wamevaa fulana za rangi moja, wengine wamejifunga kitenge kiunoni juu ya suruali ya mlimani, na wanapigana picha kabla hawajapanda hata hatua moja. Wanatoka Dar es Salaam, Arusha, Nairobi, siku hizi hata Dodoma. Ni wahasibu, wauguzi, walimu, na mama lishe mmoja mmoja aliyechangiwa na kikundi chake. Mipango yao ni kwamba Machi 8, Siku ya Wanawake, iwakute kileleni. Ukiwauliza wanatafuta nini huko juu, jibu limechapwa mgongoni mwao: ujasiri, umoja, kujiamini.

Sina ugomvi nao. Nami nimewahi kuivaa fulana ya namna hiyo. Lakini mimi ni mtoto wa Marangu, na kila ninaposikia kwamba mwanamke anapelekwa mlimani akajifunze kujiamini, namkumbuka mama yangu, nisijue nicheke au nisonye.

Miaka ya sabini mwishoni na themanini ng'ombe wetu walifungiwa ndani, kama ilivyo desturi ya kihamba, lile shamba la ukoo linalozunguka nyumba, na ng'ombe wa kufungiwa hula kwa miguu ya mwanamke. Kati ya migomba na mikahawa hapakuwa na nafasi ya malisho. Kwa hiyo mama na wenzake walishuka tambarare, upande wa Himo, wakakata majani au mabua ya mahindi, wakafunga mzigo kwa kamba za mgomba, wakaweka ngata kichwani, wakaanza kupandisha. Kutoka kule hadi kwetu ni mwinuko wa mita mia tano au zaidi, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia pole pole. Walifika jioni, mzigo umewafunika hadi mabegani, ukimwona kwa mbali mama yako unamtambua kwa miguu tu.

Siku nyingine walielekea juu, nusu maili. Hivyo ndivyo tulivyouita ule ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 kati ya vihamba na hifadhi, ili wananchi wapate kuni na majani bila kuugusa msitu mkubwa. Mama aliujua ukanda ule kuliko alivyojua barabara ya kwenda Moshi. Alijua mti upi kuni zake zina moshi, mahali gani siafu wamehamia, wingu likikaa vipi juu ya Mawenzi mvua itawahi kuwafikia. Hakuna aliyewahi kumwita mpanda mlima.

Nilipokua kidogo nilifuatana nao, na ndipo nilipogundua kwamba majani yalikuwa nusu tu ya safari. Nusu nyingine ilikuwa maneno. Mwenye shida hakuitisha kikao, alisubiri njiani. Bi harusi mpya aliwekwa katikati ya msafara, akafunzwa namna ya kuishi na mama mkwe ambaye pengine alikuwa hatua kumi mbele yake, akisikia kila neno. Walikopeshana, walipatanishana, walisengenya kwa ustadi ambao sijauona tena. Yupo mama mmoja aliyekuwa akipigwa kwake. Njiani hakuulizwa kitu, ila mzigo wake siku hizo ulifungwa mdogo na mizigo ya wenzake ikaongezeka. Mumewe alipolalamika kwamba majani yamekuwa haba, aliambiwa na kikongwe mmoja kwamba mwaka huu nyasi zina hasira. Tulicheka wiki nzima.

Mlima wenyewe, ule wa juu ya msitu, ulikuwa wa wanaume. Bei ya kahawa ilipoanza kuporomoka, kaka zangu walikwenda langoni kutafuta kazi kama vijana wengine wote. Kahawa ilikuwa ya baba na ndizi za mama, kwa hiyo kahawa ilipokufa mwanamke aliendelea na mikungu yake sokoni Mwika kana kwamba hakuna lililotokea, na vijana wa kiume wakawa wagumu, ndivyo wapagazi wanavyojiita. Walirudi na midomo iliyopasuka kwa baridi, makoti waliyoachiwa na wageni, na hela taslimu. Hela ile ndiyo iliyonivutia. Nilimwomba baba ruhusa nami nikajaribu likizo. Alinijibu kwa upole, maana hakuwa mtu mkali: "Kule kuna baridi, mwanangu. Itakuharibu tumbo." Wakati anasema hivyo mama alikuwa uani akitua mzigo wa majani. Mvua ya mwezi wa nne ilikuwa imemlowesha hadi mifupani.

Shuleni hali ilikuwa ile ile kwa adabu zaidi. Wavulana walipelekwa na mwalimu wa Jiografia hadi kituo cha Mandara, mita 2,720, kuona jinsi uoto unavyobadilika. Wasichana tulibaki darasani, tukachora kanda za uoto za mlima tuliokuwa tukiuona dirishani. Mchoro wangu ulipata alama za juu.

Historia tuliyofundishwa ilikuwa na majina mazuri: Hans Meyer na Ludwig Purtscheller kileleni mwaka 1889, na Yohani Lauwo wa kwetu Marangu, anayekumbukwa kama kiongozi wao. Kisha Alexander Nyirenda, aliyepandisha bendera na mwenge usiku wa uhuru, Desemba 1961, mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamepapa jina la Kaiser wao. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwamba mwaka 1927 msichana wa Kiingereza, Sheila Macdonald, alifika kilele kile kile. Bibi yangu alikuwa hai mwaka ule, akikata majani kwenye miteremko ambayo msafara wa mzungu yule ulipita. Ile baridi ya kuharibu tumbo, inaonekana, ilikuwa inachagua.

Wasichana wa kwanza wa kwetu walipoanza kubeba mizigo mlimani, maneno yalikuwa mengi. Kwamba wanafuata wanaume. Kwamba hawataolewa. Anayejua kazi ile anajua kwamba tatizo halikuwa kubeba: kikomo cha mzigo wa mgeni ni kilo 20, unapimwa kwenye mizani, na mama yangu kilo 20 angezibeba huku akimenya ndizi. Tatizo lilikuwa hema. Wagumu hulala wengi katika hema moja, mara nyingi lile la chakula baada ya wageni kula, na msichana mmoja kati ya wanaume kumi na watano halali, anakesha. Tatizo lilikuwa choo, na siku za hedhi mahali ambapo maji ya kunawa ni ya kikombe. Na tatizo lilikuwa yule mkubwa wa msafara anayetaka kuombwa kazi usiku. Waliovumilia hadi wakapata leseni ya kuongoza watalii, ukiwauliza ni nini kiliwavusha, hawasemi ujasiri. Wanasema walikuja wawili. Aliyetoka peke yake aliacha kazi. Waliotoka wawili walizungushiana zamu ya kulala.

Nilipanda nikiwa nimeshavuka umri wa miaka hamsini, nikiwa na kundi la wanawake. Koti nilikodi, viatu vilitoka mitumba ya soko la Memorial mjini Moshi. Kiongozi wetu alikuwa binti mwenye sauti ndogo aliyetuita "mama" sote, hata wale waliokuwa wadogo kwake, na aliyetukemea kwa heshima kila tulipoharakisha.

Siku ya kwanza ndani ya msitu nilijiona mwenyeji. Siku ya pili, kuelekea kituo cha Horombo, miti ikaisha, na kwa mara ya kwanza nikasimama mahali ambapo mama hakuwahi kufika. Ilikuwa umbali wa asubuhi moja tu kutoka alipokuwa akikatia kuni! Alifia ubavuni mwa mlima huu na hakuwahi kuona lobelia wala ile misenesio mikubwa iliyosimama pale Horombo kama wazee kwenye kikao. Hakuna aliyemkataza moja kwa moja. Alikuwa na ng'ombe wa kulisha.

Ilinishangaza tabia moja. Pale Horombo, mita 3,720, chakula kililetwa mezani na vijana wa kiume, moto, wali na supu ya maboga, na wenzangu karibu wote walisimama. Mmoja alitaka kupakua. Mwingine akaanza kukusanya sahani chafu, kijana akamwomba aziache, akazing'ang'ania. Tulikuwa wanawake wazima, wengine wakuu wa idara, na hatukujua kukaa tukahudumiwa. Ilituchukua hadi siku ya kupumzika, tuliporudi kutoka Zebra Rocks, ndipo watu wakakaa. Na walipokaa, wakazungumza. Nje Mawenzi ilikuwa wazi, ile nundu yake iliyochongoka, na nikawasimulia hadithi ya kwetu, jinsi Mawenzi alivyokwenda mara nyingi mno kuomba moto kwa jirani yake Kibo hadi Kibo akachoka, akampiga kwa mchi kichwani. Mama mmoja wa Tanga akasema basi huyo Kibo hafai kuwa jirani. Kuanzia hapo hadithi zikawa za waume, wakwe, mikopo na watoto waliokataa shule. Nilikuwa nimezisikia zote, miaka arobaini nyuma, njia ya kutoka Himo.

Usiku wa kileleni sitausimulia sana. Kila aliyepanda ana wake na yote yanafanana. Tuliondoka kituo cha Kibo, mita 4,720, karibu na saa sita usiku. Changarawe inakurudisha nyuma nusu ya kila hatua. Kwenye pango la Hans Meyer wawili walishindwa, na nilichokipenda ni kwamba hakuna aliyewapa hotuba. Kiongozi msaidizi aliwafunika, akawageuza, akashuka nao. Mimi nilifika Gilman's Point kulipopambazuka, nikakaa chini, nikasema inatosha. Waliosonga hadi Uhuru, mita 5,895, walirudi wakilia na kucheka. Barafu waliyoiona ni masalio: tangu vipimo vya mwaka 1912 zaidi ya asilimia themanini ya eneo lake imekwisha. Njia imefunguliwa kwetu wakati ambapo kile tulichokuwa tukikitazama kutoka uani kinamalizika.

Chini nako mambo mengi yamekwisha. Msitu wa hifadhi uliingizwa ndani ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, na kuingia kukata kuni hakukuwa tena jambo la kuamka tu na panga. Majani sasa huletwa na pikipiki au Canter, yananunuliwa mlangoni. Ni nafuu kubwa, na mtu asinisingizie kwamba natamani mizigo ile irudi. Shingo ya mama ilimuuma hadi alipofariki. Ila ule msafara haukupata mrithi. Wake za ndugu zangu wanaishi vihamba vinavyopakana na wanakutana misibani. Shida zao wanazitoa kwenye kundi la WhatsApp, katikati ya matangazo ya mitumba na dua za asubuhi. Tangu 2022 intaneti ya kasi imefika hadi Horombo, hivyo hata huko juu nimeambiwa maongezi ya mezani yamepungua. Ukitaka leo kutembea siku tano na wanawake wenzako, bila mtu kukuita jikoni, unalipia. Mama alilipwa majani.

Mwaka 2016 wanawake wa vijijini kutoka nchi zaidi ya ishirini za Afrika walikusanyika chini ya Kilimanjaro, na baadhi yao wakapanda, wakidai haki ya ardhi. Hao niliwaelewa mara moja. Hawakusema wamekuja kutafuta kujiamini. Walikuwa na dai, na mlima ulikuwa mahali pa kulitamkia watu wakasikia. Sheria za ardhi za 1999 zinampa Mtanzania mwanamke haki sawa na mwanamume, lakini kihamba kina kikao chake cha ukoo, na kikao hicho hakijasomewa sheria hizo kwa sauti ya kutosha.

Binti wa kaka yangu ni mmoja wa hao viongozi wa kike sasa. Alianza kwa kubeba vyombo vya mpishi, akasoma, akapata leseni, na ana Kiingereza cha wageni wa kila namna. Ukoo ulipokaa kugawa kihamba cha babu yake, kila mtoto wa kiume alipata kipande, naye akapewa jukumu la kuhesabu soda. Hakubishana. Yeye na wenzake wa kazini wana mchezo, kila mwisho wa safari kila mmoja anatoa sehemu ya bakshishi, na zamu yake ilipofika akaenda Himo kutafuta kiwanja. Alinichukua niwe shahidi.

Mzee muuzaji alimtazama, akaniuliza mimi mume wa huyu binti yuko wapi. Nikamwambia yuko hapo hapo, ndiye huyo mwenye fedha. Mpwa wangu akataka kumlainisha, akamwonyesha kwenye simu picha yake kileleni, karibu na bango la Uhuru, kope zimeganda barafu. Mzee aliitazama sana, akamwita mkewe naye aione, wakasifu kwa pamoja. Halafu akasema bei ni ile ile, na mpaka unapita kwenye ule mwarobaini, siyo huku mnakodhani.