VUA SILAHA ZA SAULI



Kule Murang'a, katika Kanisa la Mtakatifu Yakobo, kuna picha tano kubwa za maisha ya Yesu ukutani. Zilichorwa miaka ya 1950 na Elimo Njau, mzaliwa wa Tanzania. Hakuiga Bethlehemu ya kwenye kalenda. Alichora vilima vya palepale, na Yesu mweusi kama mimi na wewe. Kanisa hilo ni kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Waliofiwa walihitaji kumwona Yesu akiwa kwao.

Njau aliwakataza wasanii kuiga. Kituo chake cha Paa ya Paa, Nairobi, kiliungua mwaka 1997. Akaanza upya.

Nami nikiri. Nilipotoka chuo cha Biblia nilimwiga mhubiri mmoja mkubwa, hata kikohozi chake. Nilihubiri habari za theluji kwa wakulima wa minazi na mikorosho hapa Tezo! Jumapili moja mama mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, huyo mgeni akimaliza, tungependa kukusikia na wewe." Nilienda chini ya mkorosho nikalia.

Daudi alivua silaha za Sauli, akaokota mawe ya kijitoni (1 Samweli 17:38-40). Mpendwa, umevaa za nani?

Leo omba kwa sauti yako, hata kwa Kigiriama. Baba anaijua.

Kama umepokea, sema AMINA.