Kalemie: mbegu, matope na njia ya kupanda Marungu

Kalemie, Jumamosi asubuhi. Nyuma ya soko, dereva mmoja amelala chini ya Land Cruiser yake ya zamani, miguu tu ndiyo inaonekana. Kando ya gari, mama mmoja amekaa juu ya bidoni ya njano, mtoto mgongoni. Ni mara ya tatu anakuja juma hili, na swali lake ni lile lile.

"Papa, tutaenda lini?"

"Mama, ngoja kwanza niulize barabara."

Mama huyu anaishi katika kambi ya wahamishwaji, nje kidogo ya mji. Kijiji chake kiko juu kwenye milima ya Marungu, teritware ya Moba. Alikihama katika miaka ile ya 2016 na 2017, wakati mapigano kati ya Watwa na Wabantu yalipovuruga sehemu nyingi za jimbo la Tanganyika. Sasa ndugu zake waliotangulia kurudi wamemtumia habari: usalama umekuwa afadhali, shamba bado liko, nao wamekwisha kulima kipande chake. Kitu kinachokosekana ni mbegu. Familia tatu za kambini zimechanga pesa na kununua magunia sita ya maharagwe ya kupanda.

Hapo ndipo penye shida. Huko juu maharagwe ya msimu wa pili hupandwa mwezi wa pili na wa tatu, kabla mvua hazijaisha. Ukingoja kiangazi, barabara itakuwa kavu na gari litapita bila taabu, lakini mbegu zako zitakuwa chakula tu. Ukienda sasa, unaenda wakati njia ni mbaya kuliko miezi yote. Mtu wa Marungu hana njia ya tatu.

Katika nchi za baridi kuna watu wanaofunga minyororo kwenye matairi na kupanda milima yenye theluji kwa kujifurahisha tu. Theluji ya Kongo iko mbali, kaskazini, kwenye Ruwenzori, ambako kilele cha Margherita kinafika mita 5109. Sisi wa Tanganyika tuna matope. Lakini kazi ya kujiandaa inafanana: mlima ni mlima, na gari linaloteleza halijali linateleza juu ya nini.

Wengine watauliza: kwa nini wasipande mtumbwi wa moteri hadi Moba-Port? Ziwa ni njia ya wengi, na maharagwe na mahindi mengi tunayokula Kalemie yanatoka Moba kwa njia hiyo. Mama mwenyewe anaogopa mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, na dhoruba za wakati huu. Halafu, dereva anasema, ziwa linakufikisha Moba-Port, halikufikishi Marungu. Kutoka bandarini bado unapanda Kirungu, kisha unaendelea kupanda. Ziwa letu liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, na Marungu inapita mita 2000. Magunia sita hayapandi kimo hicho kichwani mwa mama mwenye mtoto.

Dereva anatoka chini ya gari, anapangusa mikono, anachukua simu. Maandalizi yake yanaanzia hapo. Anawapigia motari walioshuka jana, na madereva wa malori waliolala njiani. Anawauliza mambo manne: mvua kubwa ilinyesha lini, daraja gani limepoteza mbao, nani amekwama na wapi, na kama kuna habari mbaya ya usalama. Jibu la watu wawili tofauti likifanana, analiandika kwenye daftari. Jibu la mtu mmoja analiacha lingoje.

Kisha anapima mzigo. Magunia sita, mazuti katika bidoni mbili, tairi mbili za akiba, jembe, panga, koleo, kriki, kamba nene ya kuvutia na mbao mbili ngumu. Mbao hizo zina kazi mbili: kukalia kriki pale ardhi inapozama, na kuziba tundu la daraja. Kila gunia linavishwa mfuko wa plastiki ndani na turubai juu, kwa sababu mbegu iliyolowa njiani itaota au itaoza kabla ya kuona shamba.

Njia anaijua kwa mwendo wake. Mvua nyingi huanguka mchana na jioni, kwa hiyo anaondoka alfajiri na kusimama mapema. Penye matope marefu anapunguza upepo wa matairi ili yashike, akifika pagumu anaujaza tena. Hafuati mifereji iliyochimbwa na malori, maana tumbo la gari lake litakaa juu ya udongo na magurudumu yatazunguka bure. Kwenye mteremko anatumia gia ndogo, si breki. Kwenye mto, mtu anavuka kwanza kwa miguu na fimbo. Maji yakipita magoti na yanakwenda kwa nguvu, wanangoja. Maji ya mlimani hupanda upesi na hushuka upesi, na saa tatu za kungoja ni nafuu kuliko gari lililokwenda na mto. Kwenye daraja la magogo abiria wote wanashuka.

Akikuta kizuizi cha mvua kimefungwa, habishani. Gari zito likipita juu ya udongo uliolowa, linaharibu kazi ya makantonie, na wa kwanza kukwama juma linalofuata anaweza kuwa yeye mwenyewe.

Mabishano yalikuja juu ya watoto. Mama ana watano na alitaka kuwapeleka wote. "Nimechoka kuwagawa," alisema. Dereva alinyamaza kwa muda. Halafu akamwambia kwamba gari lenye magunia sita na watoto watano halitapanda, na kwamba usiku wa Marungu si usiku wa Kalemie: kuna ukungu, kuna baridi inayoingia mifupani, na wakikwama watalala ndani ya gari au pembeni mwa barabara.

"Basi nipunguze magunia?"

"Mama, ukipunguza magunia, watoto watakula nini wakifika?"

Mama hakujibu. Alirudi kambini, akazungumza na dada yake, na jioni alikuja na uamuzi. Ataenda yeye, mtoto wa mgongoni na kijana wake mkubwa, ambaye anaweza kushika koleo. Watatu watabaki kwa mama yao mdogo hadi kiangazi, maharagwe yakiwa yamevunwa. Alisema hivyo akitazama chini. Mtu aliyekimbia na watoto wote mkononi haoni rahisi kuwaacha nyuma, hata kwa miezi michache.

Kwa familia nyingine zinazofikiria safari kama hii, kuna maneno machache ya kumuuliza dereva kabla ya kutoa pesa. Umepita njia hii lini mara ya mwisho? Tukikwama, nani analipa watu wa kusukuma? Tukirudi nusu ya njia, pesa inakuwaje? Lipa sehemu mnapoondoka na sehemu mnapofika, mbele ya shahidi. Na acha kwa mtu wa kambini jina la dereva, namba ya gari na siku mnayotarajia kufika.

Safari ilipangwa Jumatatu alfajiri. Jumapili usiku mvua ilinyesha juu ya mji hadi karibu na mapambazuko. Saa kumi na moja mama alikuwa tayari kando ya gari, kijana wake nyuma yake, makoti yamefungwa katika kitenge. Dereva aliinua turubai, akaingiza mkono ndani ya gunia la kwanza, akatoa maharagwe machache na kuyagusa shavuni.

"Makavu," alisema. "Kesho, Mama. Tuache maji yashuke kwanza."

Mama aliketi tena juu ya bidoni. Safari hii hakuuliza kitu.