Sundborn: Nyumba ya Shamba Isiyoona Haya

Kwetu neno "ushamba" ni tusi. Mama akisikia kwamba sebule yake ina mambo ya kishamba, usiku huo hatalala vizuri, na kesho yake ataanza kutafuta mkopo wa makochi. Mkeka wa ukindu tunaukunja na kuusukuma uvunguni. Kigoda cha bibi tunakitupa jikoni. Mwezi huu nakualika tutembee hadi kijiji kimoja cha Uswidi, ambako vitu vya shamba havikufichwa, na nyumba moja ya mbao ikawafundisha watu wa mijini namna ya kupamba nyumba zao.

Kijiji hicho kinaitwa Sundborn, katika jimbo la Dalarna, kilomita kama 13 kutoka mji wa Falun. Kutoka Stockholm, mji mkuu, hadi Falun ni mwendo wa treni wa karibu saa tatu. Sisi Walutheri wa Bukoba si wageni sana kwa Waswidi. Askofu Bengt Sundkler, Mswidi, aliliongoza kanisa letu kuanzia mwaka 1961 hadi 1964, akafuatwa na Josiah Kibira. Urafiki huo wa makanisa haukuisha, na ndio uliotupeleka huko, mimi na akina mama wenzangu wachache. Siku ya mapumziko wenyeji wetu wakasema, "Leo hatuwapeleki kanisani wala hospitalini. Tunawapeleka kuona nyumba."

Rangi itokayo shimoni

Njia nzima kutoka Falun tuliona nyumba za rangi moja, nyekundu iliyokoza kama udongo wa kwetu baada ya mvua. Rangi hiyo ina historia. Falun palikuwa na mgodi mkubwa wa shaba uliochimbwa kwa karne nyingi, ukafungwa mwaka 1992, na mwaka 2001 ukawekwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1687 sehemu kubwa ya mgodi iliporomoka na kuacha shimo la kutisha. Hakuna aliyekufa, kwa sababu ilikuwa sikukuu ya katikati ya kiangazi na wachimbaji walikuwa nyumbani.

Udongo uliobaki baada ya kutoa shaba una chuma ndani yake. Waswidi waliuchoma, wakausaga, wakaupika pamoja na maji, unga wa nafaka iitwayo rai, na mafuta ya kitani. Ikapatikana rangi ya bei nafuu inayolinda mbao zisioze. Basi uzuri ule wote unaouona barabarani umetokana na masalia ya mgodi.

Karin na mume wake

Nyumba tuliyokwenda kuiona inaitwa Lilla Hyttnäs, nayo iko kando ya mto. Ilikuwa nyumba ndogo ya magogo. Mwaka 1888 baba yake Karin Larsson aliwapa bintiye na mkwewe, mchoraji Carl Larsson, waitumie. Mwanzoni walikuja kupumzika tu, kisha mwaka 1901 wakahamia moja kwa moja. Kila mtoto alipozaliwa nyumba iliongezwa kidogo, chumba hapa, kibaraza pale. Watoto walikuwa wanane.

Carl alizaliwa Stockholm mwaka 1853 katika umaskini mkubwa. Walikaa chumba kimoja na familia nyingine, na mama yake aliwalisha kwa kufua nguo za watu. Mtu aliyekulia hivyo anajua thamani ya dirisha lenye mwanga. Karin naye alikuwa amesomea uchoraji katika chuo cha sanaa cha Stockholm. Baada ya kuanza kuzaa aliacha kuchora picha, akahamishia kipaji chake kwenye kitambaa na uzi: akafuma, akadarizi, akashona mapazia, akabuni hata viti na meza.

Msimu mmoja wa kiangazi mvua zilinyesha mno, na Carl akawa hana raha kwa sababu hawezi kuchora nje. Karin akamwambia achore nyumba yao. Akaichora chumba kwa chumba, na mwaka 1899 picha 24 zikatolewa katika kitabu. Mwaka 1909 kilitoka kitabu kingine cha picha za nyumba hiyo kwa Kijerumani, nakala 40,000 zikaisha katika miezi mitatu. Watu wa mijini, waliokuwa wakiishi katikati ya mapazia mazito na makabati meusi, waliona nyumba ya shamba yenye mwanga wakaitamani. Hadi leo Waswidi wakisema "mtindo wetu", wengi wanaiona nyumba hii akilini.

Ndani ya nyumba

Huruhusiwi kuzunguka peke yako. Mnaingia kwa makundi mkiongozwa, maana ni ndogo na vitu vyote viko mahali pake. Wazao wa Carl na Karin ndio wanaoimiliki kupitia chama chao.

Juu ya mlango wa kuingilia yameandikwa maneno ya kumkaribisha mgeni kwa Carl Larsson na mkewe. Dari ni fupi. Chumba cha kulia kimepakwa rangi nyekundu na kijani, na ukutani pana kitambaa alichofuma Karin kuonyesha ardhi, maji, hewa na moto. Sebule imejaa mwanga. Viti vyake ni vya zamani, vimepakwa rangi nyeupe na kuvikwa vitambaa vya mistari ya buluu na nyeupe vinavyoweza kuvuliwa na kufuliwa. Madirishani hakuna mapazia mazito. Kuna vyungu vya maua. Sakafuni yametandikwa mazulia membamba yaliyofumwa kwa matambara. Shuka iliyochakaa, gauni la mtoto lililobana, vyote huchanwa vipande virefu na kurudi tena nyumbani kama zulia. Mwenzangu mmoja aliguna na kusema, "Haya si mambo ya kwetu haya?"

Kuna kiti cha kubembea ambacho Karin alikibuni mwenyewe. Inasimuliwa kwamba seremala wa kijijini alikiona cha ajabu mno, akakipeleka usiku ili majirani wasijue kwamba yeye ndiye aliyekitengeneza. Tulicheka sana. Leo watu hutoka mbali kuja kukitazama.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba nyumba ile haikupangwa kwa ajili ya wageni. Katika picha za Carl watoto wamo kila mahali: mezani, ngazini, chini ya madirisha. Picha moja mashuhuri inaonyesha mtoto aliyeadhibiwa kwa utovu wa adabu. Na adhabu yenyewe? Amekalishwa kitini pale pale sebuleni. Picha nyingine inamwonyesha Karin akipata nafuu baada ya kuugua.

Wala msidhani nyumba nzuri iliwakinga na machozi. Mtoto wao Mats alikufa akiwa mchanga, na mwaka 1905 Ulf, kijana wa miaka 18, alikufa kwa ugonjwa wa kidole tumbo. Ukutani kwao yapo maneno ya kuwataka watoto wapendane. Nilipoyasoma nikijua hayo, niliyasoma kwa namna nyingine.

Sebule zetu

Kwa kazi yangu ya hospitali, na kwa zamu za kanisa za kuwatembelea wagonjwa, nimeingia nyumba nyingi. Hali moja nimeikuta mara nyingi. Sebule ni kubwa, ina makochi mapana, meza ya kioo, kabati la vyombo visivyoguswa. Mapazia yamefungwa mchana kutwa ili jua lisipaushe makochi. Watoto wanafukuzwa, wanafanyia kazi za shule jikoni au kibarazani. Ninapouliza mgonjwa yuko wapi, napelekwa chumba cha nyuma. Humo amelala bibi mwenye miguu iliyovimba, dirisha dogo, limezibwa na magunia na masanduku. Bora zaidi katika nyumba amepewa mgeni ambaye hajaja, na giza amepewa mama aliyetuzaa.

Hilo si jambo la urembo tu. Vijidudu vya kifua kikuu huenea zaidi katika chumba kisichopitisha hewa, ambako watu wengi wanavuta pumzi ile ile. Dirisha lililo wazi ni sehemu ya tiba, na mwanga humsaidia mwuguzaji kuona ngozi ya mgonjwa kabla kidonda hakijachimba. Na deni la makochi nimeona likila pesa ya ada na ya dawa.

Ya kuchukua na ya kuacha

Sisemi turudie msonge wa mababu. Nyumba za kale za Kihaya zilikuwa na uzuri wake, zikitandikwa nyasi laini sakafuni, lakini moshi wa kuni ndani uliharibu macho na mapafu. Kuta za udongo zenye nyufa huficha papasi, ambao wakiuma huleta homa. Nyumba ya shamba ya kisasa huchukua uzuri wa shamba na kuacha maradhi yake.

Basi, tuchukue nini? Sakafu ya saruji iliyolainishwa, halafu mkeka wa ukindu juu yake. Mkeka unatolewa nje, unakung'utwa, unaanikwa juani. Mapazia mepesi ya khanga au kitenge yanayofulika kila mwezi, badala ya yale mazito yanayotunza vumbi na kumsumbua mtoto mwenye pumu. Viti vya mbao vya fundi wa mtaani, vyenye mito ya kuvua na kufua. Vikapu vya akina mama wa kijijini vya kuwekea nguo na vitabu vya watoto. Kiti cha zamani kipigwe msasa na kupakwa rangi upya, ila uliza dukani rangi isiyo na madini ya risasi, kwa maana watoto hutafuna kila kitu. Na kama rangi ya zamani inabambuka, usiikwangue watoto wakiwa karibu.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Walizungumza habari za mkeka, na sisi mkeka huo tumeukunja uvunguni.

Wiki hii, kabla ya kwenda kuuliza bei za makochi, pita chumba kwa chumba nyumbani kwako saa nne asubuhi. Angalia jua linaingia wapi, kisha angalia ni nani anayekaa hapo. Ukikuta pamekaa kabati, lisogeze. Mlete bibi na kitanda chake.